Kiboko Aliyejipanga Foleni ya Ubatizo

Kila neno nitakaloandika hapa ni kweli. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, nayo ni manane, na yeyote akifika mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, anaweza kuyahesabu, maana mara nyingi atanikuta nimefungua mdomo. Nikiongeza uongo hata wa ukubwa wa ndakala mmoja, samaki mdogo kuliko kidole, jino moja lianguke papa hapa kwenye daftari.

Jina langu ni Bertin. Kwa miaka thelathini na nane nilitengeneza moteri za mitumbwi pale bandarini, mpaka mgongo ukaniambia basi. Shule niliisikia kwa mbali. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha nyimbo cha kanisa na kwa karatasi za maelekezo zinazokuja ndani ya makasha ya moteri mpya. Ndiyo sababu hata leo nikiandika barua naanza kwa kumsifu Mungu na namaliza kwa kumwonya msomaji asichanganye mafuta na maji.

Haya yalitokea mwaka wa mwisho kabla ya korona. Jirani zetu walikuwa wamisionari, Waswisi, Dany na mke wake Clarisse. Dany alifundisha wachungaji Biblia, Clarisse alisaidia kwenye materniti, pale wanakozalia akina mama. Kati ya nyumba yao na yetu kulikuwa na ua wa minyaa tu, na ua wenyewe ulikuwa na tundu ambalo binti yao Tania alilitoboa akiwa na miaka miwili, na hakuna aliyeliziba tena. Tania alizaliwa hapa hapa Baraka. Siku aliyozaliwa ziwa lilitulia hata samaki wakasikika wakikohoa. Muulizeni mke wangu Georgette. Au basi, msimuulize.

Georgette ndiye aliyembeba mgongoni miaka yake ya kwanza, mama yake akiwa kazini. Kwa hiyo mtoto akapata lugha tatu: Kifaransa cha mezani kwa wazazi wake, Kiswahili cha mgongoni kwa Georgette, na Kibembe cha kugombana, ambacho alikipata kwa rafiki yake Ketsia wa nyumba ya tatu. Walisoma shule moja, dawati moja, sare moja ya bluu na nyeupe. Alipokuwa na miaka minane wazazi wake walimpeleka Uswisi miezi mitano. Akarudi amenenepa na ana malalamiko.

“Babu,” aliniambia, “kule kwetu batu banapitana mu njia sawa mbuzi. Nilisalimia batu bote mpaka ku duka ya mikate. Bibi akasema, usisalimie batu wenye haujue. Sasa nitabajua namna gani?”

Niliona kwamba kule alisema kwetu, na hapa pia alikuwa akisema kwetu, na hakuona shida yoyote.

Sasa lazima nieleze jambo la waraka. Mmisionari anaishi kwa waraka kama sisi tunavyoishi kwa bukari, ugali wetu. Kila mwezi anaandikia kanisa lililomtuma, anaeleza kazi inaendaje, anaweka na picha. Na habari lazima ziwepo, kwa sababu mwezi usio na habari watu wa kule wanaanza kujiuliza kama bado anaamka asubuhi. Lakini Baraka ina miezi isiyo na habari. Mvua inanyesha, watu wanaenda shambani, watu wanarudi. Mwezi kama huo Dany alikuwa anakuna kichwa mpaka nywele zinapungua. Siku moja alinisomea waraka wake, ananitafsiria kwa furaha: “Mzee mmoja jirani yetu, mtu mgumu, ameanza kuulizia habari za ibada.” Mzee mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemwuliza ibada inaisha saa ngapi ili niazime toroli lake. Mimi nimebatizwa tangu mwaka wa sabini na tisa. Lakini sikumkatisha. Fundi mwenzangu ninamtambua.

Tania alipofikisha miaka tisa, wakampa kisanduku chake chini ya ukurasa wa pili: “Tania anawaandikia watoto.” Watoto wa kanisa la kule, wa umri wake, wasomewe siku ya Jumapili. Jioni hiyo akapita kwenye tundu la ua, Ketsia nyuma yake, daftari kwapani, akakaa barazani kwangu.

“Babu, nimekosa habari.”

Nikampa kiboko.

Nilimwambia kwamba siku moja ya ubatizo pale ziwani, watu arobaini wamevaa nyeupe, wamepanga foleni ndani ya maji, kiboko mmoja wa heshima alitoka upande wa matete. Akatazama. Akaona foleni inaenda vizuri, haina fujo, naye akajipanga. Alikuwa wa tano. Hakumsukuma mtu. Mchungaji wetu Néhémie akiomba anafumba macho, na akifumba hafumbui mpaka amina, kila mtu anamjua. Akaweka mkono juu ya kichwa cha wa tano, akahisi ngozi ngumu, akasema moyoni mwake, huyu atakuwa mvuvi. Akamzamisha. Tatizo likawa kwenye kuibuka, maana dakika nane zilipita, na kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa msiba, ndipo alipotokea upande wa pili, amebadilika kabisa. Tangu siku hiyo hajapindua mtumbwi wa mtu.

Mwezi uliofuata nikampa barabara ya kupanda Fizi, ambako pikipiki ilizama kwenye shimo mwezi wa nne na kutoka mwezi wa saba, dereva ameota ndevu, na abiria aliyekuwa anapeleka mayai sokoni akatoka na kuku. Mwezi mwingine nikampa Bibokoboko, kule juu kwenye baridi, ambako maziwa yanatoka kwa ng’ombe yakiwa yameganda, wenyewe wanayapasua kwa shoka na kuyateremsha Baraka kwa magunia.

Tania aliandika yote. Ketsia alicheka mpaka akashika nguzo. Msidhani Tania aliamini. Mtoto wa Baraka akisikia “Babu Bertin anasema,” anajua ni chakula gani kimepakuliwa. Yeye alijua, Ketsia alijua, mbwa wetu alijua.

Miaka miwili ikapita hivyo. Tania akafika mwaka wa sita, mwaka wa mtihani wa taifa. Yeye na Ketsia walikuwa wamesoma pamoja tangu kuandika a, e, i, o, u. Walikuwa wamekubaliana hata soksi watakazovaa siku ya mtihani. Basi mwezi wa nne akaja barazani bila daftari.

“Babu, kuko mama moja anakuja kutoka Uswisi. Njo mukubwa wa komite ya kanisa.”

“Karibu yake. Juu ya nini?”

“Juu ya kiboko.”

Nikaacha kutafuna karanga. Akanieleza. Watoto wa kule walikuwa wamechora viboko waliovaa kanzu, wakabandika ukutani mwa kanisa. Mmoja akakataa kuogelea, akisema hataki kubatizwa na mnyama nyuma yake. Wazazi wakaanza kuulizana: hawa wenzetu tuliowatuma wanafanya nini huko, na mtoto wao wanamlea namna gani? Vita vyetu wanavisoma kwenye magazeti, wamevizoea. Kiboko hawakumzoea.

“Akiona mambo haiko sawa,” Tania akasema, “ananirudisha naye. Ku bibi. Nisome kule. Haiko mwisho wa mwaka, Babu. Sasa. Mbele ya mutihani.”

Ketsia alikuwa amesimama kando yake, anachora mchangani kwa kidole cha mguu.

“Atakuuliza habari imetoka wapi,” nikasema. “Utamujibu nini?”

“Sijue.” Akanitazama, akangoja. Alingoja vizuri, kama anavyongojewa mtu mzima. Mimi nikaanza kutafuta miwani yangu, na ilikuwa usoni.

Madame Pulchérie aliingia Alhamisi kwa gari kutoka Uvira, amepata rangi moja na barabara. Alikuwa na miaka kama sabini, mwembamba, ameongoza shule ya msingi kwa miaka arobaini. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba daftari limeliwa na mbuzi, na akamtafuta mbuzi. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Kwapani alikuwa na bahasha yenye nyaraka zote za miaka miwili.

Hapo ndipo Baraka ilipofanya kosa, na ni kosa ambalo sisi tu tungelifanya. Ketsia alimwambia mama yake, Florentine, ambaye ndiye mkubwa wa kikundi cha akina mama kanisani. Florentine alimwambia Hawa, muuza samaki wa karibu na kituo cha pikipiki. Kabla ya giza kuingia mtaa mzima ulikuwa na neno moja: mtoto wetu hataona haya mbele ya mgeni. Mtoto ameandika kiboko, basi kiboko yupo.

Ijumaa Madame akatoka kutembea mtaani, Tania akiwa mkalimani wake. Mimi nilikuwa nyuma kidogo, nimebeba mwavuli wa mgeni, kwa hiyo niliyasikia yote.

Walianza kwa Hawa.

“Kiboko?” Hawa akasema, huku akigeuza samaki wake wa mikeke kwenye sinia. “Tulimuonaka. Alikuwa mupole. Alivaaka hata kitambaa.”

Tania akatafsiri. Madame akaandika. Kisha akauliza kwa upole, “Na wewe ulikuwa mshiriki wa ubatizo huo?”

“Hapana, mama. Mi niko Mwislamu. Nilikuwa napita na samaki.”

Kwa Florentine viboko wakawa wawili, mama na mtoto, na mtoto alikataliwa kwa sababu hakuwa amesoma mafundisho. Fundi wa baiskeli akasema alikuwa wa kumi na mbili kwenye foleni, si wa tano, yeye mwenyewe alihesabu. Mama mmoja ambaye sikumjua, wala hakuna aliyemwuliza, alivuka barabara kuja kusema kwamba kiboko yule sasa anaimba sauti ya nne, na akina mama wengine wanne wakaapa kwamba wamemsikia. Mchungaji Néhémie, ambaye hasemi uongo, aliulizwa baada yao. Alitazama ziwa kwa muda mrefu.

“Mungu anawajua wote waliokuwa majini siku ile,” akasema.

Tania alitafsiri kila mmoja, neno kwa neno, masikio yamekuwa mekundu. Kila jibu jipya lilimzamisha kidogo, na wale mama wakaona anazama, wakafikiri anahitaji msaada zaidi, wakaongeza.

Basi tukafika kwangu. Georgette aliweka viti. Nilikuwa nimevaa shati la harusi ya binti yetu Divine. Dany, katika wema wake, alikuwa amenitambulisha kwa mgeni kama mhandisi mstaafu, na Madame aliniheshimu sana, akaniita mesié, akanigeuzia kiti chake chote. Sijawahi kugeuziwa kiti namna ile. Nilijisikia mhandisi mpaka kwenye magoti.

“Mesié Bertin,” akauliza, “wewe ni mtu mzima na mtu wa ufundi. Ni nani anayemwambia mtoto huyu mambo haya?”

Tania akatafsiri. Aliposema “ni nani,” sauti yake ilishuka.

Ilikuwa rahisi. Neno moja lingetosha, tena fupi, mimi. Lakini mhandisi hawezi kusema neno lile.

“Batoto ya leo, madame,” nikasema. “Njo masimu.”

Tania akamwambia Madame kwa Kifaransa safi kwamba Babu anasema ni simu. Hakunitazama. Yeye hakuwa na simu.

Jioni ile Dany na Clarisse waliambiwa uamuzi, na madirisha yao hayana vioo upande wetu; Kifaransa kilichonipita, Georgette alinieleza baadaye. Madame hakugomba. Alisema kiboko si kitu, watoto wote wanatunga. Lakini alikuwa amewasikiliza watu wazima kumi, na tisa wakamdanganya machoni, mbele ya mtoto, kwa kinywa cha mtoto. Mtoto hawezi kubaki mahali ambapo watu wazima wote wanasema uongo na yeye analazimishwa kuubeba kwa lugha mbili. Jumatatu wataondoka pamoja. Clarisse alilia. Dany alijaribu kueleza kwamba huku ni namna ya watu kuonyesha upendo, akaulizwa kama waraka wake mwenyewe nao unaandikwa kwa upendo.

Tania alikuja kwenye tundu la ua. Hakupita. Alimwita Georgette pale pale, akamweleza, akarudi.

Georgette alinipakulia bukari, akaketi mbele yangu, jambo ambalo halifanyi mpaka liwe la uzito.

“Baba Divine.”

“Naam.”

“Ule mutoto alijua jina ya mwenye alimuambia. Siku mbili anaijua. Alifunga kinywa juu yako. Mi njo nilimufundisha vile, mu mugongo wangu: mukubwa haumwaibishe mbele ya mugeni.”

“Najua.”

“Sasa we, nani alikufundisha kumwachia mutoto mutego?”

Nikasema bukari ni ya moto. Akasema itapoa, na ushuhuda ni kesho kutwa.

Kanisani kwetu, kabla ya mahubiri, kuna saa ya ushuhuda. Mtu anasimama, anaeleza Mungu alivyomtendea, na mimi wananijua. Mchungaji Néhémie huwa ananipa dakika tatu na anaziangalia kwenye saa. Jumapili ile Madame alikuwa mstari wa mbele, Tania amesimama kando ya kiti chake atafsiri. Kanisa lilijaa. Hata Hawa alikuwa dirishani, kwa nje, na sinia lake kichwani.

Nikasimama. Nilikuwa nimekesha nikiyapanga maneno, na yalikuwa mazuri.

“Ndugu zangu,” nikasema, “Ibilisi alinijia kwa umbo la kiboko.”

Nikangoja tafsiri. Haikuja.

“Babu,” Tania akasema kwa sauti ya chini, lakini kanisa letu ni la mabati, linabeba hata pumzi. “Ile sitatafsiri. Anza tena.”

Kwaya ikageuka kunitazama. Nikajikohoza.

“Nilipigana naye usiku kucha, mpaka karibu na bandari—”

“Hata ile hapana, Babu. Tafazali.”

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anapiga chafya. Madame alimwuliza Tania kuna nini. Tania akamjibu kwa Kifaransa, nami nikalielewa lile kwa sababu maneno yake ni machache: bado hajaanza.

“Basi nilikuwa mgonjwa,” nikasema. “Nilikuwa na homa ya digrii hamsini na—”

“Babu.” Sasa sauti ilimtoroka kidogo. “Kesho ninaenda.”

Nimetoa moteri ya nguvu za farasi arobaini kwenye matope kwa kamba na mabega. Haikuwa nzito kama sentensi niliyotakiwa kuisema. Ilikuja bila nguo, bila viatu, nikaona haya kuitazama.

“Nilitunga mimi,” nikasema. “Kiboko hakubatizwa. Wala mayai hayakuwa kuku. Mtoto aliandika nilichomwambia, na Ijumaa nilipoulizwa nilijificha nyuma yake. Hakuna simu.”

Tania akatafsiri. Sentensi moja moja, wazi, hakuongeza wala hakupunguza. Alipofika kwenye simu, alifuta pua kwa mkono.

Madame alifikiri. Kisha akauliza swali la mtu aliyeongoza shule: “Ijumaa huyu alisema ni simu. Leo anasema ni yeye. Kwa nini niamini la leo?”

Tania akalitafsiri kwa kanisa zima, na kanisa likaona ni swali la haki kabisa. Watu kadhaa walitikisa kichwa kukubali. Nilibaki nimesimama na ukweli wangu mkononi, na hakuna wa kuununua.

Aliyeniokoa ni Clarisse. Alisimama upande wa akina mama, rangi imemtoka.

“Daftari la Tania ninalo mimi,” akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, kisha akarudia kwa Kifaransa. “Mimi ndiye ninayelichapa kwenye kompyuta. Kila hadithi, yote, inaanza hivi: Babu Bertin anasema. Kisanduku ni kidogo, mistari kumi na miwili. Kila mwezi nilikata mwanzo ili hadithi itoshe. Nilifikiri ni maneno ya bure, na Ijumaa niliona haya kusema nimeyakata.”

Hapo hata mimi nilikaa. Miaka miwili mtoto alikuwa amewaambia ukweli wote, na wazungu wale walipokea kiboko peke yake, jina la mwenye hadithi limekatwa.

Florentine naye akasimama, akasema viboko wawili aliwaongeza yeye. Fundi wa baiskeli akasema hajui kuhesabu foleni. Kutoka dirishani Hawa akasema, “Na mi muniandike. Sikuwa napita na samaki.” Ikawa saa ya ushuhuda ndefu kuliko zote nilizowahi kuona, na mahubiri yakaahirishwa.

Madame akasubiri patulie. Akamgeukia Tania, na Clarisse akawa anatutafsiria.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ni babu,” Tania akasema. “Na wale ni mama zangu. Nikikuambia hapana, wote wanakuwa waongo mbele yako.”

“Hata kama unapoteza mtihani wako?”

Tania alimtazama Ketsia, aliyekuwa kwenye benchi la watoto, anatafuna ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

Madame Pulchérie akavua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Alisema amekaa na watoto miaka arobaini, na hajawahi kumwona mmoja akimrudisha mzee kwenye mstari mara tatu mbele ya watu, bila kumvunjia heshima hata mara moja. Kwao hawamfundishi mtoto hilo, wala hajui angemfundisha vipi. Mtoto atakaa mpaka mtihani. Baadaye wazazi wake wataamua, na wamwulize yeye pia. Kuhusu waraka, kisanduku kitaongezwa mstari mmoja, na mstari huo ni mali ya mzee.

Ketsia aliruka benchi. Hapo sikuona vizuri tena, vumbi lilikuwa limeingia.

Nikadhani mambo yamekwisha, nikaanza kusogea mlangoni. Lakini Mchungaji Néhémie alifumbua macho.

“Baba Bertin. Bamama saba walisema uongo juu yako. Vinywa vyao vitasafishwa na nini?”

Florentine alikuwa na jibu tayari. Nadhani alilala nalo. Mbuzi mmoja. Na sombe, kisamvu chetu. Na sombe nitaitwanga mwenyewe, mchana, uwanjani pa kanisa, upande wa barabara.

Basi Jumatatu nililipa. Naandika kwamba nilitoa beberu mkubwa mwenye pembe zilizopinda. Georgette, aliyesimama nyuma yangu anasoma, anasema niandike sawasawa: alikuwa mbuzi jike mdogo, na alikuwa wake. Sawa. Alichinjwa na shemeji wa Hawa ili Hawa naye ale. Kisha wakaniletea kinu, mchi, na majani ya muhogo ya shamba zima.

Mwanamume kutwanga sombe kando ya barabara kubwa ya Baraka ni jambo ambalo pikipiki zinasimama kulitazama. Zilisimama. Abiria walishuka. Akina mama saba walikaa kwenye mkeka kivulini, wamevaa vitenge vya sikukuu, na kila nusu saa Florentine alikuja kuchota kidogo kwa vidole, anasugua, anatikisa kichwa.

“Bado iko na nyuzi.”

“Mi nimetwanga tangu saa tatu.”

“Twanga.”

Nilijaribu kuwaeleza kwamba mwaka wa themanini na nne niliwahi kutwanga sombe ya jeshi zima kwa mchi wa chuma. Tania, aliyekuwa anachambua majani na Ketsia, akasema, “Babu, mikono,” na mikono ikaendelea.

Saa tisa ikapakuliwa. Madame Pulchérie, ambaye gari lake lilikuwa linangoja, alipewa sahani kwanza kwa kuwa ni mgeni. Alionja kwa adabu. Akaonja tena bila adabu. Akamaliza, akamwambia Tania jambo fulani.

“Anasema nini?” nikauliza, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mgongo unaimba.

“Anasema ni tamu sana. Anauliza kama inaweza kuongezwa.”

Florentine alikwishafika na kikapu cha pili cha majani. Nikanyanyuka, nikakipindua kinu, nikatemea viganja mate.